Mpishi Aliyelima Silabi

Siku ya kwanza nilipokwenda kwake kujifunza Kitaliano, nilibeba daftari jipya, kalamu mbili na kamusi ya kuazima. Mpishi alivitazama, akaviweka vyote juu ya gunia la pumba, kisha akanipa jembe.

"Vua viatu," akasema. "Tunaanza na meza."

Nilidhani hajanielewa. Nilikuwa nesi, nimetoka Nyasubi pale Kahama, na nilikuwa nimepanda basi hadi Masumbwe kwa sababu moja tu. Masista fulani walikuwa wameniahidi kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba yao huko Italia, kwa sharti kwamba nizungumze kwa simu na sista mmoja wa huko, naye aridhike. Nilikuwa nimeshazungumza naye mara moja. Nilisoma kitabu wiki sita, nikakariri maneno hadi ndotoni, nikayamwaga yote kwenye simu, na yule sista wa watu akawa anauliza tu, "Unasemaje? Unasemaje?" Wakanipa nafasi ya pili. Padre wetu ndiye aliyeniambia kwamba Masumbwe yuko mama mmoja mzee, zamani alipika misheni, na kama huyo hataninyoosha basi niridhike na Kahama.

Kosa langu lilikuwa la kila mtu aliyelelewa na Kiswahili. Sisi neno lolote, refu au fupi, tunalikazia silabi ya pili kutoka mwisho, na hata hatujui kama tunafanya hivyo. Ukisema "kitabu" sauti inakaza kwenye "ta". Ukisema "kitabuni" mkazo unahama wenyewe hadi "bu". Kitaliano hakina utaratibu huo. Meza ni "tavola", na mkazo uko mwanzoni kabisa. Sukari ni "zucchero", mwanzoni tena. Mji ni "città", na mkazo umekwenda kukaa mwishoni. Tena maandishi hayakusaidii: ukiondoa mkazo wa mwishoni, ambao huwekewa kialama, huo mwingine kwa kawaida hauandikwi popote. Mimi nilikuwa nimeyakaza maneno yote mahali pamoja, kitabu kizima.

"Mkazo wa Kiswahili ni ng'ombe," Mpishi alikuwa akituambia sisi wanafunzi wake. "Jioni unajua yuko zizini. Wa Kitaliano ni mbuzi. Inuka ukamtafute."

Basi tulilima. Kila silabi ilikuwa pigo moja la jembe. Silabi nyepesi unagusa udongo tu, silabi yenye mkazo unazamisha jembe hadi shingoni. Ta, zamisha, vo, gusa, la, gusa. Konsonanti zikikutana mbili za aina moja, kama zile c za "zucchero", jembe linasimama hewani kidogo kabla ya kushuka, maana c ya kwanza inabaki nyuma kufunga silabi ya mwanzo na ya pili inafungua silabi inayofuata. Neno moja, tuta zima, kwenda na kurudi. Siku ile ya kwanza nililima meza, sukari na sufuria, na jioni mikono yangu ilikuwa na malengelenge ambayo hospitali ya wilaya isingeyakataa.

Lakini hilo silo lililonifanya nimstaajabie. Lililonishangaza lilikuja baada ya kulima. Ukimaliza tuta, Mpishi alipita nyuma yako pekupeku, taratibu, akikanyaga kila shimo kwa kisigino. Hakuwa amenisikiliza, wakati nalima alikuwa upande wa pili wa nyumba akifukuza kuku kwenye mtama, na mimi nilikuwa nikinong'ona kwa aibu ya majirani. Alifika katikati ya tuta akasimama.

"Hapa umesema ta-vo-la na ukazamisha vo," akasema.

Ni kweli, nilikuwa nimesema hivyo. Nimefanya kazi na madaktari wanaosoma picha za kifua, sijawahi kuona mtu anayesikia sauti yako ya saa nzima iliyopita kwa kisigino.

Utaalamu huo hakuupata misheni. Ujana wake alilima katika vikundi vya kulima kwa ngoma, watu ishirini kwenye mstari mmoja, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Alisema ukikosea pigo kwenye mstari ule unamkata mwenzako kidole, na kwamba shule nyingine zingekuwa na adhabu ya namna hiyo, watu wangejifunza. Kitaliano chenyewe alikichukua jikoni, kwa sista mmoja aliyesimamia chakula cha mapadre, mwanamke wa milimani huko kwao, mkali, mwenye sauti ya kuita mbuzi. Miaka kumi na minne walisimama pamoja mbele ya moto mmoja. Kisha yule sista akazeeka akarudi kwao, mapadre wakawa wazalendo wanaokula ugali, na Mpishi akabaki na lugha nzima kichwani ambayo hakuwa na mtu wa kusema naye.

Mtu kama huyo ungedhani hana shaka na lolote. Alikuwa nayo moja, na ilimtafuna. Nililijua hilo wiki ya tatu, alipokuja parokiani mgeni kutoka Italia, mtu mzima mpole aliyekuja kuangalia kisima. Padre alimtuma mtu mara mbili kumwita Mpishi aje amsalimie mgeni kwa lugha yake. Mara ya kwanza alisema jino linamuuma. Mara ya pili hatukumwona kabisa, hadi gari la mgeni lilipoondoka, ndipo akatokea kutoka shamba la mahindi la jirani, ana majani kichwani.

Nilicheka, nikamuuliza jino limeponaje. Yeye hakucheka. Alikaa chini akaanza kubangua karanga, akasema:

"Nesi, mimi nimemsikia Mtaliano mmoja. Mmoja tu. Hao mapadre walikuwa wanakula na kuondoka. Kama yule sista alikuwa anasema vibaya, kama alikuwa na kigugumizi, au kwao wanasema kivyao, mimi nitajuaje? Na lugha hiyo nimewapa watoto wa watu. Wameondoka nayo."

"Lakini Mpishi, mbona unatufokea kama unajua?"

"Nikifundisha kwa mashaka mtajifunza mashaka."

Akabangua nyingine tatu, nne. Kisha akanitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya sana. "Ukifika huko uwasikilize watu wa kawaida. Wa sokoni, wagonjwa. Halafu uje uniambie kweli, nilichonacho ni Kitaliano au ni kelele za jikoni. Hata kama ni aibu, uniambie. Nimekuwa mzee, sitaki kufa nikiwa mwongo bila kujua."

Nilimwahidi. Alivyonitazama nilijua ahadi ile ina uzito kuliko kazi niliyokuwa naitafuta.

Majirani walikuwa na utani wao. Walisema Mpishi amepata trekta la Kitaliano, linakuja lenyewe, linajilisha, halinywi dizeli. Ni kweli shamba lake lilikuwa limelimwa vizuri kuliko yote mtaani, na ni kweli hakuwahi kumtoza mtu hata senti. Ila walichosahau kusema ni kwamba mazao ya shamba lile tuliyala sisi. Alitupikia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga mchana, na jioni ugali. Mara moja moja, akiwa na furaha, alichemsha tambi akazichanganya na dagaa wa ziwani, wa Nkome, na kitunguu saumu, chakula ambacho sijakiona tena popote duniani na nimekitafuta. Yeye mwenyewe tambi hakuzigusa. Alisema alipika zile nyuzi miaka kumi na minne na hata siku moja hazikumshibisha.

Hakujua kusoma. Sikugundua mapema, maana alikuwa hodari wa kuvigeuza vitu mkononi kama anavikagua. Siku nilipomfungulia kamusi nikamwonyesha neno, aliigeuza kamusi juu chini, akapima uzito wake, akanirudishia. "Lisome," akasema. Nikalisoma. "Hilo sijawahi kulisikia kwa mtu," akasema, "kwa hiyo silijui. Maandishi hayana sauti. Neno usilolisikia usilitamke mbele za watu, utaumbuka." Na hakulitamka. Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Alikuwa na maneno ya chakula, ya hali ya hewa, ya ugonjwa, ya kufokea na ya kubembeleza, na kila moja aliweza kulikatakata silabi kwa silabi bila kusita. Lakini ukimuuliza "uchaguzi" au "pasipoti" ni nini kwa Kitaliano alijibu kwamba jikoni havikuwapo.

Mimi niliyesoma nilikuwa nakata vibaya. Neno la "koroga" ni "mescola", nami nililikata "mes" halafu "co", kama ninavyoona kwenye karatasi. Alinisimamisha jembe likiwa juu.

"Wewe ni Msukuma?"

"Nusu, kwa mama."

"Ng'ombe unamkata wapi?"

Sikuelewa. Akauliza tena, "Ukilisema hilo neno taratibu. Unasema ng'om, halafu be?"

"Hapana. Ng'o, mbe."

"Kwa nini humkati ng'om?"

"Haikatiki hapo."

"Ehe. Na hii s haikatiki hapo. Inasafiri na mwenzake. Me, sco, la. Zamisha mwanzo. Endelea."

Wiki sita za kitabu zilikuwa zimenipita pembeni, na ng'ombe mmoja akanifikisha.

Kiswahili chake chenyewe kilikuwa na lafudhi nzito ya kwetu, hakina r hata moja. Alisema "habali" na "kalibu", na siku ya Jumapili alisali "Baba yetu" kwa Kisukuma kwa sababu, alisema, Mungu hahitaji kupimiwa silabi. Maneno yake hapa nayaandika kwa r zake zote ili msomaji asidhani namcheka. Lakini akigeukia Kitaliano, r zilitoka zote, kali, zinazunguka. Akiitaja siagi, "burro", kuku waliinua vichwa. Nilimuuliza r hizo huwa anazificha wapi siku nzima. Alisema zile si zake, ni za yule sista, yeye anazitunza tu.

Kulikuwa na kijana mmoja wa migodini aliyejifunza pamoja nami, alikuwa ametoka kwenye maduara, mashimo ya kuchimba dhahabu upande wa Geita, na bado mabega yake yalikuwa ya mtu wa nyundo. Alikuja kwa sababu mchumba wake anafanya kazi huko huko Italia na amechoka kudanganywa maana ya meseji anazotumiwa. Huyu hakuwa amemaliza hata darasa la saba, lakini alinipita ndani ya siku mbili tu. Kwenye duara, alinieleza, mnapiga mwamba wawili kwa zamu, na unajua kwa mlio tu kama umegonga palipo pagumu. Mpishi alimpenda mno na kwa hiyo alimsema mno. Siku kijana alipokwenda tuta zima bila kosa, Mpishi alipita na kisigino chake hadi mwisho, akageuka, akapita tena. Kisha akasema, "Wabeja," asante ya Kisukuma, akaingia ndani. Yule kijana alikaa juu ya jembe lake akalia. Mimi sikuwahi kupewa ile wabeja, na nikiri kwamba iliniuma.

Simu ya pili niliipokelea kwake, nimesimama uani, peku. Nilizungumza na yule sista dakika ishirini, kisigino changu kikizama na kugusa chenyewe. Mwishoni akasema amenielewa vizuri, nijiandae kwa safari. Nilimrukia Mpishi kwa furaha. Alinipongeza, lakini nilipomwambia, "Unaona? Kitaliano chako ni sawa," alitikisa kichwa.

"Huyo ni mtawa. Mtawa hatakuambia kwamba unanuka. Nenda kawasikilize watu."

Nikaenda. Yapo mengi ya kusema kuhusu nyumba ile ya wazee na baridi yake, ila nitasema yanayomhusu yeye. Walinielewa. Tangu siku ya kwanza walinielewa, na mkazo wangu haukukosea mahali hata pamoja, hadi wenzangu wakaniuliza nimeishi miaka mingapi nchini. Lakini walinicheka pia. Neno langu la sufuria hawakulijua kabisa. Niliposema "njoo hapa" walitazamana. Msichana mmoja wa zamu yangu akafuta machozi ya kicheko akaniambia, "Samahani, unasema kama marehemu bibi yangu, alikuwa wa milimani." Wengine hawakuomba samahani. Nilicheka nao, nikarudi chumbani na moyo mzito, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kusema kweli na sasa kweli yenyewe sikuijua iko upande gani.

Katika chumba cha mwisho alikaa bibi mmoja ambaye macho yake yalikuwa yameshapotea, na maneno yake wengi walidhani yamepotea vilevile. Hakumjibu mtu. Nilikuwa namlisha supu, nikaikoroga, nikamwambia kwa maneno ya Mpishi apulize kwanza, ni ya moto. Aligeuza uso. Akauliza kitu, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Aliuliza, "Mama yako ni mzima?"

Kuanzia siku hiyo alizungumza, na alizungumza nami tu. Neno la sufuria alilijua. Alikuwa amezaliwa katika bonde moja la huko milimani, la vijiji viwili na kanisa katikati, na kutokana na habari alizonipa nilielewa kwamba yule sista wa jikoni alitoka bonde hilo au la jirani yake. Nilimweleza kwamba mwalimu wangu ni Mwafrika, mpishi, hajawahi kupanda ndege. Alisikiliza, akasahau, kesho yake akaniuliza tena mama yangu hajambo.

Mwaka huu nilipata likizo nikarudi. Mpishi nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango, miguu imevimba, shamba limeota magugu. Hakuna aliyekuja kujifunza msimu huu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na hakuniuliza habari za safari.

"Sema," akasema.

Nikasema yote. Kwamba nilieleweka, kwamba mikazo yote ilikuwa mahali pake, kila moja, na kwamba walinicheka. Nikamtajia neno la sufuria. Alifumba macho.

"Nilijua," akasema. "Basi."

"Sijamaliza, Mpishi." Lakini alikuwa ameshageuza uso kuelekea shambani. Nikatoa simu, nikampigia yule msichana wa zamu tuliyekuwa tumepanga naye, nikamwomba aende chumba cha mwisho.

Mpishi alipoelewa ninachofanya aliniomba nikate. Nilipokataa, aliomba maji, akanawa uso, akajifunga kitenge kipya, ingawa nilimwambia kwamba bibi mwenyewe haoni. Nikamwekea simu mkononi, sauti juu.

Mpishi akasalimia. Akauliza kama kuna baridi huko. Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, mwanafunzi mbele ya ubao.

Bibi akajibu kwamba kuna baridi ya kuwashia kuni. Akauliza na kwenu je. Mpishi akasema kwake kuna jua, miguu tu ndiyo inamsumbua. Bibi akasema ya kwake pia, na dawa ni kuiweka juu ya mto. Wakaenda hivyo, maneno yakipishana, sauti ya Mpishi ikipanda kidogo kidogo, r zikianza kuzunguka. Walipofika kwenye supu wakabishana. Bibi alicheka. Kule kwenye nyumba ya wazee hakuna aliyewahi kumsikia akicheka. Nilisikia yule msichana aliyeshika simu akimwita mwenzake aje.

Halafu bibi akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu kukumbuka sura:

"Lakini wewe ni wa kijiji kipi? Cha juu ya kanisa, au cha chini?"

Mpishi aliishusha simu, akanitazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Nilidhani atanirudishia simu. Akageuka, akaangalia barabara inayoshuka kutoka kwake hadi kanisa la parokia, akaangalia vizuri kama mtu anayehakikisha, kisha akairudisha simu mdomoni.

"Juu ya kanisa," akasema kwa Kitaliano, kila silabi mahali pake. "Juu kidogo tu."

"Ah," bibi akasema. "Ndiyo maana nakusikia vizuri."

Simu ikalia kuonya kwamba bando linakwisha. Sikuvaa hata viatu. Nilikimbia hadi dukani kununua jingine, na nikiwa njiani nilikuwa bado namsikia nyuma yangu, anafoka kuhusu chumvi.